Sauti ya Pili Inaitwa Le

Katika kwaya iliyonilea, sauti ya pili ya ngazi, ambayo kwingine ni re, iliitwa le, na ya sita, ambayo kwingine ni la, iliitwa ra. Tulipanda hivi: do, le, mi, fa, so, ra, ti, do. Hakuna aliyeona ajabu, kwa sababu kwetu Kakamega r na l ni ndugu wanaoazimana nguo. Mtu anakwambia "kalibu" na unaingia, anakupakulia "mchere" na unakula, na mmeelewana vizuri kabisa. Ila mwalimu wetu wa kwaya hakuishia kwenye kutamka. Aliandika vilevile, kwa herufi ya kwanza ya jina la kila sauti. Mahali ambapo watu wengine wa muziki huandika r ubaoni, yeye aliandika l, na penye l akatia r.

Ninaanzia hapo kwa sababu ndipo nilipoanzia mimi. Leo ninafundisha piano mjini, katika chumba cha nyuma cha kanisa, na ninapiga kwenye harusi na mazishi. Kila ninachokijua kilipitia kwa mtu mmoja aliyeandika herufi mbili kinyume, na mwaka huu nusura aondoke kabla sijamshukuru.

Karatasi za nyimbo zilizochapwa kwingine zilitutoa jasho. Nakumbuka tulivyoupokea wimbo mmoja mpya, wino unang'aa, tukauvamia kwa furaha. Tukaona r, tukaimba ra, na kwaya nzima ikaruka juu darini pale ilipotakiwa kupanda kidato kimoja tu. Wanaume wa besi walitazamana. Mama yangu, aliyeimba alto, alicheka hadi akaketi. Mwalimu hakucheka. Alichukua chaki akaunakili wimbo wote ubaoni kwa herufi zake, mstari kwa mstari, sisi tukiwa tumesimama. Kisha akageuka. "Sasa iko sawa," akasema. "Tuimbe." Tangu siku hiyo hakuna karatasi iliyotufikia kabla ya kupitia mkononi mwake.

Nyumbani kwetu kulikuwa upande wa Lubao. Baba alilima miwa, na mama hakuwa na mtu wa kumwachia mimi siku za mazoezi, kwa hiyo nilikwenda naye kanisani na kuwekwa kwenye kiti kando ya kinanda. Kilikuwa kile kinanda cha zamani cha kukanyaga, chenye mbao mbili chini ambazo mpigaji husukuma kwa miguu ili hewa iingie tumboni mwake. Bila hewa hakitoi hata mkoromo. Mimi sikulijua hilo. Watu wazima walipokuwa wakinywa chai nje, nilibonyeza vibao, vikazama kimya kimya chini ya vidole vyangu, nikabonyeza tena, nikadhani kinanda kimenikataa kwa sababu mimi ni mtoto.

Mwalimu aliingia akaniona. Nilitarajia kofi, maana hicho kilikuwa kitu cha kanisa na mikono yangu ilikuwa na mafuta ya mandazi. Aliketi kando yangu, akaweka miguu yake kwenye mbao za chini, akaanza kukanyaga. Na sauti ikaja. Ile sauti ya kwanza niliyoitoa duniani kwa vidole vyangu ilikuwa imebebwa na miguu ya mtu mwingine, na nilishtuka hadi nikaondoa mkono. Yeye aliendelea kukanyaga, akinisubiri.

Hivyo ndivyo alivyonifundisha. Miguu yangu haikufika chini kwa muda mrefu, na katika muda wote huo yeye alikuwa mapafu na mimi nilikuwa vidole. Alikuwa mwalimu wa shule ya msingi, mtu wa suti moja ya kahawia, mfupi, mkali wa macho, na sikumbuki akinieleza jambo lolote kwa zaidi ya maneno matano. Nikikimbiza wimbo, hakunikemea. Alipunguza kukanyaga, sauti ikaanza kunyong'onyea, na mimi nikajikuta ninabonyeza kinanda kinachokata roho. Hapo nilijua nimekosea. Alipoona nimetulia, alirudisha hewa, akasema neno lake moja.

"Ludia."

Alikuwa na maana ya rudia, na sisi sote tuliomjua tunalo neno hilo masikioni hadi leo. Ukikosa, ludia. Ukipatia, ludia vilevile, ili ajue kama ulipatia au ulibahatika. Sifa hakuwahi kunipa hata moja. Nilimwogopa na nilimpenda, na kama ungeniuliza wakati huo ni kipi kilichozidi, nisingekujibu.

Nilipokwenda chuoni Nairobi kusomea muziki, nilifika nikiwa na vidole vya kutosha na kiburi cha kuzidi. Wiki za mwanzo tu tukapewa zoezi: mhadhiri anapiga sauti kwenye piano, sisi tunaandika herufi zake. Kwangu hilo lilikuwa kama kuulizwa jina la mama. Niliandika haraka, nikamaliza wa kwanza, nikakunja mikono. Karatasi iliporudi ilikuwa imejaa wino mwekundu. Kila r yangu ilipaswa kuwa l na kila l yangu ilipaswa kuwa r. Mhadhiri aliisoma karatasi yangu mbele ya darasa, akaimba nilichoandika jinsi kilivyoandikwa, wimbo ukaruka huku na huku kama mbuzi aliyekata kamba, na darasa likavunjika mbavu.

"Nani alikufundisha hivi?" akaniuliza.

"Mwalimu wangu," nikasema.

"Basi alikufundisha vibaya."

Damu ilinichemka. Hata sasa ninapoandika inanichemka kidogo, na sioni sababu ya kuificha. Nilitaka kumwambia kwamba masikio yangu hayakukosea hata sauti moja, kwamba kilichokosewa ni jina tu. Lakini nilikuwa ugenini na nilitaka kusoma. Nilijifunza re. Nilijifunza la. Niliuzoeza ulimi wangu mbele ya kioo cha bwenini hadi ukakubali, na baada ya muda haukuhitaji kulazimishwa tena. Piano nayo nilijifunza, ile ya kweli isiyohitaji kukanyagwa ili iongee, na kwa miezi mingi miguu yangu ilikuwa ikicheza chini ya kiti ikitafuta mbao ambazo hazikuwepo.

Nilirudi Kakamega nikaanza kufundisha. Mwalimu alikuwa amestaafu. Kanisa lilinunua kinanda cha umeme, kile cha zamani kikabebwa na vijana hadi nyumbani kwake, na huko kikakaa sebuleni chini ya kitambaa cheupe kilichofumwa. Nilikuwa nikimtembelea sikukuu kwa sikukuu, tunakunywa chai, ananiuliza habari za wanafunzi wangu, nami ninajibu. Asante sikuwahi kumpa. Si kwamba sikuwa nayo. Mtu wa aina yake hashukuriwi hivi hivi. Ungefungua mdomo angekutazama kana kwamba umevunja kikombe.

Kisha mwaka jana alitutembelea mpiga piano mmoja niliyesoma naye, siku hizi mtu wa kumbi kubwa. Tulikaa chumbani kwangu kanisani, akanipigia kipande, halafu akaanza kunisimulia ukoo wake. Wapiga piano wana mambo hayo. Alifundishwa na fulani, ambaye alifundishwa na fulani wa ng'ambo, ambaye naye alikaa miguuni pa fulani, na kadhalika, nyuma na nyuma hadi kwa watu wenye sanamu. Sikumwonea kinyongo, kwa kuwa kwetu pia mgeni hajakaa vizuri kabla hajaulizwa yeye ni wa nani, wa ukoo gani, mjukuu wa nani.

"Na wewe?" akaniuliza.

"Mimi nilifundishwa na mwalimu wa hapa."

"Na yeye alifundishwa na nani?"

Sikujua. Nilikaa na mtu huyo benchi moja utoto wangu wote, nikala kwake, nikawajua watoto wake na ng'ombe wake, na sikujua nani alimketisha yeye mbele ya kinanda mara ya kwanza. Mgeni wangu alitabasamu kwa adabu akageuzia maneno kwingine. Roho iliniuma. Nikajiapiza kwamba nitamwuliza Mwalimu, na nikimwuliza nitamshukuru papo hapo, apende asipende.

Sikuwahi kumwuliza. Kabla sijaenda, kiharusi kilimpiga akiwa shambani. Kilipoozesha upande wake wote wa kulia, na kikaondoka na maneno yake.

Nilimkuta sebuleni kwenye kiti cha magurudumu, blanketi magotini, macho yale yale makali. Alinijua, nina hakika. Alifungua mdomo, akatafuta, akaufunga tena, na nikaona hasira ikimpita usoni. Mkewe, ambaye sisi wanafunzi wote tunamwita Mama, alinishika mkono akanipeleka jikoni.

"Haongeangi," akaniambia. "Tangu siku ile, hata jina langu. Daktari anasema tungoje. Sisi tunangoja."

Nilimwuliza Mama lile swali nililokuwa nimempelekea mume wake. Alifikiri, akikoroga uji.

"Alikuwanga na mwarimu wake huko Malava," akasema. "Mimi sikumjua. Ninajua tu alipokufa, huyu alienda kumzika, akarudi kama amenuna na simiti imekauka kwa vidole. Nikamwuliza, ulikuwa unajenga? Akasema, nilikuwa ninaandika."

Nilikwenda Malava Jumamosi iliyofuata. Kwa kuuliza uliza barabarani na kwenye kanisa moja nilifikishwa kwenye boma la binti wa mwalimu yule, mama wa makamo ya juu, mnene, mwenye sauti ya kutosha uwanja mzima. Nilimweleza mimi ni mwanafunzi wa mwanafunzi wa baba yake. Akanitazama juu chini, akacheka.

"Basi wewe ni mjukuu," akasema. "Keti. Mjukuu hatoki hapa bila kula ingokho."

Kuku akachinjwa, na alipokuwa akiiva jikoni, mama yule alinipeleka nyuma ya nyumba kwenye kaburi la baba yake. Lilikuwa kaburi la simiti la kawaida, limeota ukungu pembeni. Jina lilikuwa limechongwa vizuri na fundi. Chini ya jina kulikuwa na herufi nyingine, zimekwaruzwa kwa msumari wakati simiti ikiwa mbichi, kubwa kubwa, zikiinamia upande mmoja.

"Hiyo tumeshindwanga kusoma," akasema. "Ni mwanafunzi wake aliandika, mtu mfupi wa suti. Ndugu zangu walitaka kumfukuza, wakisema anaharibu kaburi. Wengine wanasema ni jina la ukoo wao. Mchungaji alisema labda ni Kilatini."

Nilipiga magoti nikayafuta majani. d l m f s r t d.

Niliuona mwandiko. Ile d yenye mkia, ile s iliyolala. Nilikuwa nimeutazama ubaoni tangu sijajua kusoma vizuri. Mwalimu, ambaye hakuwahi kumpa mtu sifa wala kumwambia mtu asante mbele yangu, alikuwa amepiga magoti mahali hapa hapa, kwenye nguo zake za mazishi, akayaandika yote aliyopewa, kuanzia do ya chini hadi do ya juu, katika herufi zile zile alizopewa nazo. Nililia. Sikuweza kujizuia, na sikutaka.

Mama yule alingoja nimalize. Kisha nikamwimbia maandishi ya kaburi la baba yake, do, le, mi, hadi juu, na nilipofika katikati aliingia nami, le yake ikiwa le na ra yake ikiwa ra, kwa ile sauti yake ya uwanja. Tuliimba tukiwa tumesimama pale pale. Baadaye, tukila, nilimwuliza kwa nini baba yake aliziandika herufi kinyume.

"Alifundishwa hivyo," akasema. "Mwarimu wake alikuwa mgeni, hakuwa wa lugha yetu. Akisema re, baba anasema le. Anakataa, anasema tena re, baba anasema le. Baba alikuwa mtoto, akaanza kulia, akataka kwenda nyumbani. Basi yule mwarimu akafuta ubao. Akaandika vile baba anasema. Akamwambia, haya, tuendelee na yako."

"Jina lake aliitwa nani?"

"Baba hakusemanga jina. Alisemanga tu, mwarimu wangu." Akaniongezea mchuzi. "Nyuma ya huyo mimi sijui. Labda hata yeye hakujua."

Kwa hiyo huo ndio ukoo wangu, na hauna sanamu hata moja. Juu kabisa yuko mtu asiye na jina aliyemwona mtoto analia, akafuta ubao. Wote waliomfuata waliandika alivyoandika yeye. Nilifikiria darasa lile la Nairobi, na karatasi yangu nyekundu, na kwa mara ya kwanza hasira haikuja. Nilimhurumia yule mhadhiri kidogo. Alijua herufi zote na hakuna aliyewahi kumfutia ubao.

Siku iliyofuata, Jumapili, baada ya ibada nilikwenda kwa Mwalimu. Nilikuwa nimepanga maneno. Nitamwambia nimetoka Malava, nimeona kaburi, nimesoma. Kisha nitasema asante kwa ukamilifu wake, kwa Kiswahili fasaha, kama mtu aliyesoma. Niliogopa jambo moja tu, nalo liliniogopesha sana: kwamba maneno yangu yangemfikia yakiwa kelele tu, kwamba nimechelewa. Daktari alikuwa amemwambia Mama kwamba hakuna ajuaye kiasi gani kinaingia.

Niliyasema yote. Nilishika mkono wake wa kushoto, ule mzima, nikayasema polepole. Alinitazama. Macho yake hayakuwa makali siku hiyo, yalikuwa yamechoka, yakanipita yakaenda dirishani. Mama alikuwa mlangoni na sinia la vikombe. Akatikisa kichwa kidogo, kama kuniambia nisijiumize. Mkono wa Mwalimu ulikuwa baridi mikononi mwangu na haukunijibu.

Sikujua la kufanya, na nikiwa sijui la kufanya huwa ninapiga. Nilikwenda kwenye kinanda, nikatoa kitambaa cheupe, nikafunua. Miguu yangu inafika sasa. Nikakanyaga, na kile kizee kikavuta pumzi kwa mluzi, vumbi likatoka. Nyuma yangu nikasikia kitu sakafuni. Niligeuka. Mguu wa kushoto wa Mwalimu, ndani ya ndara, ulikuwa ukipanda na kushuka. Alikuwa akikanyaga.

Nikageukia vibao. Nikapiga do, nikaimba do. Nikapiga ya pili, na ulimi wangu, uliofunzwa mbele ya kioo cha bweni, ukafanya kama ulivyozoea.

"Re," nikaimba.

"Le!"

Ilikuwa sauti ya kukwaruza, nene, ya hasira. Sinia lilitua mezani kwa kishindo. Mama alisema jina la Mungu kwa lugha ya nyumbani akaziba mdomo. Mwalimu alikuwa ameinuka kidogo kitini, mkono wake wa kushoto umenyooka kunielekea, kidole kimoja mbele, kama nilivyomwona mbele ya ubao mara zisizohesabika.

"Le," akasema tena.

"Le," nikasema.

Nikaanza upya. Do. Le. Na kwenye mi akaingia, midomo yake ikiwa imepinda upande mmoja, sauti ikiwa mbovu lakini iko mahali pake, fa, so, ra, ti, hadi tukafika juu pamoja. Baada ya hapo hakukuwa na maneno mengine. Alijaribu, nikaona yanavyomkimbia, na safari hii hakukasirika.

Niliondoka kwenye kinanda nikapiga magoti mbele ya kiti chake. Kiswahili fasaha kilikuwa kimenitoka chote. Nilikuwa na neno moja tu.

"Asante, Mwalimu."

Alinitazama kwa muda mrefu, kwa yale macho yake makali, kama anayetaka kujua kama nimepatia au nimebahatika.

"Ludia," akasema.

Nikaludia.